Wasindikizaji wa Ihanga

Mwalimu Fungo alikuwa anakwenda Dodoma kwenye semina ya wiki mbili, na watu arobaini na watatu walikuwa wamekuja kumuaga.

Yeritha Ngailo, meneja wa Kiwanja cha Ndege cha Ihanga, aliwatazama kupitia kioo cha ofisi yake ya ghorofani akajisikia vizuri. Akina mama wa kwaya walikuwa wamevaa vitenge vya sare. Wazee walikuwa ndani ya makoti yao mazito, maana Jumatatu hiyo baridi ya milimani ilikuwa imeamka na hasira. Chupa za chai zilizunguka, viazi vya kuchemsha vilimenywa, na mwalimu mwenyewe alisimama katikati na begi lake dogo, amelowa machozi kama anayekwenda vitani.

Juu ya vichwa vyao, kwenye dari, macho sita ya kioo yalikuwa yanawahesabu. Kila kiwanja nchini kilikuwa na macho hayo. Yalimtazama kila aliyeingia, yakapima amekaa muda gani, amesimama mbele ya ramani ya safari mara ngapi, ameugusa mji gani kwa kidole. Hayakuwa na haja na jina wala sura ya mtu kwa ajili ya polisi. Yalichotafuta ni kitu kimoja tu, ambacho mafundi wake walikiita hamu ya safari, na yakishakipata yaliipelekea habari ile mashine kubwa iliyokuwa inaamua ndege gani iende wapi. Watu waliiita Mgawaji.

Ndege za umeme za mikoani zilikuwa arobaini tu, kila moja viti kumi na tisa, na viwanja vilikuwa tisini na kitu. Zamani wakubwa waligombania ndege hizo kwa simu na vimemo. Mgawaji alipokuja, vimemo vikafa. Kila Jumapili alisoma hamu ya nchi nzima na kutangaza ratiba ya wiki, na hakuna mbunge aliyeweza kumnong'oneza.

Miaka miwili iliyopita Ihanga ilikuwa na ndege mbili kwa wiki, zote za Mbeya, na hizo nazo zilikuwa zinafutwa kukiwa na ukungu. Leo ilikuwa na njia sita: Mbeya, Dar, Dodoma, Iringa, Mwanza na Arusha. Ya saba, Mtwara, ingezinduliwa Jumamosi hiyo, na mgeni rasmi alikuwa ameshathibitisha. Hakuna kiwanja kidogo kilichokua kwa kasi hiyo. Yeritha aliitwa kwenye mikutano kueleza siri yake, naye alieleza bila kubabaika: usafi wa vyoo, lugha nzuri kwa wateja, na taa za njia ya kurukia zinazopenya ukungu. Aliamini kila neno.

"Meneja, mgeni wako amefika," alisema Lwitiko, fundi wa mitambo, akichungulia mlangoni. "Yule wa Kasanji. Ana mzigo unanuka samaki mpaka mashine ya ukaguzi imekohoa."

*

Deusi Sikazwe alikuwa mwanaume mrefu, mpole, anayeinama akipita mlangoni hata mlango ukiwa mrefu kuliko yeye. Alikuwa meneja wa kiwanja cha Kasanji, kando ya Ziwa Rukwa, na alikuwa amesafiri siku mbili, siku ya kwanza yote kwa basi.

"Dada Yeritha, shikamoo ya cheo," alisema akicheka, akiweka furushi la samaki wakavu mezani. "Nimekuletea kitoweo, kimepanda basi na mimi tangu jana. Usiseme nimekuja mikono mitupu kuiba ujuzi wa watu."

"Karibu, kaka Deusi. Lakini basi la nini tena? Kasanji si mna ndege?"

"Tulikuwa nazo mbili. Jumatano na Jumamosi. Mgawaji ameichukua ya Jumatano, wiki ya tatu hii." Alikaa, akavuta pumzi. "Nina watu saba wa kusafishwa damu, dada. Figo zimekataa. Hospitali ya karibu yenye mashine iko Mbeya, na wanatakiwa waende mara mbili kwa wiki. Jumamosi wanapanda ndege, dakika hamsini wamefika. Jumatano sasa ni gari, saa tisa barabara ikiwa kavu. Na unajua kwetu masika barabara haiwi kavu."

"Umewaandikia wizara?"

"Wamenijibu kwamba hamu imepungua. Na ni kweli, mimi kiwanja changu kinapokea watu saba wagonjwa na mimi na mlinzi. Mgonjwa hana muda wa kutazama ramani, akifika anakaa chini." Akainua mikono. "Ndiyo maana nimekuja. Wewe una watu. Nifundishe unavyowavuta, hata kidogo, nikairudishe ile Jumatano."

Yeritha alisimama kwa furaha ya mwalimu aliyepata mwanafunzi msikivu. Alimshusha chini kumwonyesha kiwanja. Alimwonyesha vyoo, akamwonyesha dawati la wateja, akamweleza habari za taa. Deusi aliandika yote kwenye kijidaftari. Kisha wakafika ukumbini, ambako kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kumkabidhi Mwalimu Fungo kwa Mungu.

"Mungu wangu," alisema Deusi. "Hawa wote wanakwenda Dodoma?"

"Hapana, anakwenda yule mwenye begi."

"Na hawa wengine?"

"Wanamsindikiza."

Deusi alisubiri, akidhani kuna maelezo mengine. Alipoona hayaji, alicheka kicheko kizuri cha mtu asiye na hila. "Arobaini wanamsindikiza mmoja! Kweli nyie watu wa milimani mnapendana. Kwetu mtu anaagwa nyumbani kwake, mlangoni, basi. Sasa na wakirudi kumpokea?"

"Wanakuja hao hao," alisema Yeritha. Ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Alitazama juu kwenye dari, akatazama tena ukumbini. Mbele ya ramani alikuwa amesimama Bibi Tulinagwe, mwenye miaka themanini na kidogo, ambaye hakukosa msafara wowote wa kuaga. Alikuwa ameweka kidole chake juu ya Mtwara.

*

Deusi aliondoka saa nane na ndege ya Mbeya, na debe la viazi alilolazimishwa kulibeba. Saa tisa Yeritha alikuwa kwenye chumba cha mitambo, amesimama nyuma ya kiti cha Lwitiko.

"Nionyeshe Mgawaji anavyomsoma Bibi Tulinagwe."

Lwitiko hakuuliza kwa nini. Alifungua ukurasa. Huko Bibi hakuwa na jina, alikuwa namba tu, lakini namba hiyo ilikuwa imefika kiwanjani mara sitini na moja, ikakaa wastani wa saa moja na nusu, ikagusa Mtwara mara hamsini na nane. Pembeni mashine ilikuwa imeandika: *Abiria mtarajiwa wa daraja la kwanza. Hamu kubwa sana. Kikwazo: hakuna njia.*

"Kwa hiyo ametufungulia njia," alisema Yeritha taratibu.

"Yeye na wenzake. Wakingoja ndege iruke wanasimama naye pale kwenye ramani, anawaeleza habari za Mtwara. Mashine ikaona kundi zima linataka kwenda." Lwitiko alikuna kichwa. "Huko walikomfundishia Mgawaji, meneja, mtu haji kiwanjani kama hana safari. Akija mara tatu, ya nne anapanda. Ndiyo hesabu yake. Akiona viti vitupu anasema hamu bado inachipua, anavumilia miezi sita."

"Wewe ulijua?"

"Tangu Machi."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema nini?" Lwitiko aligeuka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni. "Tumemdanganya nani? Hatujamlipa mtu aje kusimama hapa. Watu wamekuja kuagana, mashine imekosea yenyewe. Na meneja, Ihanga ilikaa miaka arobaini inatazama ndege zikipita juu zikienda kwa wengine. Nani alitulilia? Parachichi zilioza. Shemeji yangu alikufa akingoja ukungu. Sasa tumepata njia saba, watu kumi na sita wameajiriwa hapa, na wewe unataka kunyoosha mkono useme samahani, mlituzidishia?"

Yeritha aliutazama tena ukurasa wa Bibi. Lwitiko alikuwa anasema kweli, tena ile kweli iliyomuuma yeye mwenyewe. Alikuwa amezaliwa kilomita nne kutoka pale. Alimfahamu yule shemeji wa Lwitiko.

"Weka jaribio," alisema hatimaye. "Waondoe wasindikizaji wote, tuone."

Lwitiko alisita, kisha akaandika amri. Mgawaji aliruhusu meneja kuuliza swali la namna hiyo bila kubadilisha kitu: ingekuwaje kama? Jibu lilikuja kabla hajaondoa vidole mezani. Njia saba zilibaki mbili. Chini yake ikaja orodha ya viwanja ambavyo vingerudishiwa ndege zao, maana Mgawaji haongezi ndege, anahamisha tu. Vilikuwa vitano. Cha tatu kilikuwa Kasanji, Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi.

Wote wawili walilitazama jina hilo. Furushi la samaki lilikuwa bado ofisini juu, na harufu yake ilikuwa imeshuka ngazi.

"Fomu ya marekebisho inafanya kazi baada ya muda gani?" aliuliza Yeritha.

"Haizidi saa ishirini na nne."

"Mgeni rasmi anakuja Jumamosi."

"Ndiyo, meneja."

"Basi tungoje uzinduzi upite. Jumatatu nitaandika." Alilisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya mikutanoni, na Lwitiko akaitikia. Wiki moja tu. Saba wale wangekwenda kwa gari Jumatano moja zaidi, kama walivyokwenda mbili zilizopita.

*

Jumanne alijaribu njia ya pembeni. Alimkuta Bibi Tulinagwe kwake, akichambua maharage kwenye ungo, akakaa kwenye kigoda.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Umekonda. Wanakulisha karatasi huko?"

Yeritha alicheka, akaingia kwenye hoja. Alieleza kuwa ukumbi umekuwa mdogo, kwamba pengine msafiri angesindikizwa na watu wawili tu, wengine wakaagana naye nyumbani.

Bibi aliacha kuchambua. "Wawili? Anayeondoka na watu wawili ni mfungwa, mwanangu, na hao wawili ni askari."

"Bibi, ni utaratibu tu."

"Mimi marehemu mume wangu aliondoka hapa kwenda mashamba ya korosho Mtwara, mwaka ambao wewe hujazaliwa. Aliondoka alfajiri kwa lori, peke yake, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia kwa jambo la kuku. Nikasema aende, atarudi. Kaburi lake liko kule." Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa uani. "Tangu hapo haondoki mtu kijiji hiki nikiwa nimelala. Hata kama simjui."

Yeritha naye aliokota kijiwe kimoja kwenye ungo, akakitupa. Kisha akauliza alichokuwa amekuja kukiuliza bila kujijua. "Jumamosi tunaanza ndege ya Mtwara. Nikikupa kiti, utakwenda?"

"Kufanya nini? Kaburi nilishaliona, wanangu walinipeleka kwa basi. Pale kwenu ninaligusa tu jina la mji nikipita." Akarudi kwenye ungo wake. "Mmeanzisha ndege ya huko? Ya nani?"

Yeritha alishindwa kumwambia ni yake. Aliaga, na bibi, bila shaka, akamsindikiza hadi barabarani.

*

Ijumaa asubuhi maturubai ya sherehe yalikuwa yanafungwa nje, na mtu wa vipaza sauti alikuwa anahesabu moja, mbili, moja, mbili, tangu saa moja. Simu ya mezani ililia. Alikuwa Deusi.

"Dada, ninapiga kushukuru. Viazi vyako vimesifiwa ukoo mzima. Mke wangu anasema nihamie huko."

"Akukaribishe nani!" alisema Yeritha. "Hamjambo lakini?"

"Hatujambo. Yaani, hatujambo hivyo hivyo. Jana tumezika." Sauti yake ilishuka bila kubadilika sana, kama watu wa kazi wanavyosema mambo haya. "Mama Kapufi, mmoja wa wale saba. Jumatano gari lilinasa kwenye tope toka saa nne mpaka giza, akajaa maji mwilini. Tulimshusha tukamlaza kwenye majani. Hakufika. Lakini ndiyo kazi ya Mungu, dada. Mimi nilikuwa nataka kukuuliza zile taa za ukungu zinanunuliwa wapi, maana nimeshaandika barua ya kuziomba."

Yeritha alimjibu kuhusu taa. Hakujua alimjibu nini. Alipoweka simu chini, nje yule mtu alikuwa bado anahesabu moja, mbili.

Alishuka ngazi. Lwitiko alimwona usoni akaondoka kwenye kiti bila kuambiwa.

Fomu ya marekebisho ilikuwa fupi. *Eleza kosa.* Yeritha aliandika: Watu wengi wanaokuja Ihanga hawasafiri. Wamekuja kumsindikiza mmoja.

Mgawaji aliuliza: *Msindikizaji ni abiria ambaye bado hajaamua?*

Hapana, aliandika. Ameshaamua. Anabaki.

*Kwa nini anafika mahali pa kuondokea kama anabaki?*

Vidole vyake vilisimama. Nyuma yake Lwitiko alikuwa anapumua kwa nguvu. Aliweza kuandika kurasa kumi, lakini mashine haikuhitaji kurasa. Aliandika: Ili anayeondoka ajue kuna wanaomngoja. Usiwahesabu kama hamu ya kwenda. Hawana.

*Nimeelewa. Kigezo hiki kitatumika katika viwanja vyote. Ihanga itabaki na njia mbili. Ndege ya Mtwara ya kesho itafutwa. Jaza sehemu ya mwisho: tarehe kosa lilipogunduliwa.*

Mashine ilikuwa imeshamwekea jibu hapo, kwa adabu: tarehe ya Ijumaa, leo. Alichotakiwa ni kubonyeza tu.

"Meneja," alisema Lwitiko kwa sauti ndogo. "Liache hivyo. Ukilibadilisha, tume itakuita. Aliyejua akanyamaza anafukuzwa, hiyo kanuni unaijua. Na haimrudishi mtu."

"Haimrudishi."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ni Jumatatu nilipojua, Lwitiko. Saa tisa, nimesimama hapa hapa." Alifuta tarehe ya Ijumaa. "Wewe ya Machi sitaiandika. Hiyo ni yako, utaiandika mwenyewe ukitaka."

Aliandika Jumatatu, akabonyeza. Ukutani, kwenye ubao wa ratiba, Mtwara ilizimika kwanza, kisha Arusha, Mwanza, Iringa, Dodoma. Mbeya na Dar zikabaki zinawaka. Yeritha aliona uchungu, uchungu kweli kweli, na hakutaka kuuficha. Kisha akavuta simu, akampa Lwitiko kazi ya kwanza, ampigie mwenye maturubai. Ya mgeni rasmi angeipiga mwenyewe, na ya mwalimu aliyekwama Dodoma pia, Mgawaji alikuwa na wajibu wa kumrudisha na yeye angehakikisha. Lakini kabla ya hizo zote ilikuwepo moja.

"Dada Yeritha!" alipokea Deusi. "Umekumbuka na bei ya taa?"

"Kaka Deusi, kaa chini. Jumatano yako imerudi. Kuanzia wiki ijayo."

"Unasema?" Alisikika akipiga meza, akimwita mtu. "Umefanyaje? Umeongea na nani?"

"Ilikuwa kwangu. Mgawaji aliwahesabu wasindikizaji wangu kama abiria, akachukua ndege yako akanipa mimi. Nimemsahihisha leo." Akahamishia simu sikio la pili. "Lakini sikujua leo. Nilijua Jumatatu. Ulipouliza nani anasafiri, nikajua. Nikaona na jina la Kasanji limeandikwa. Ningesahihisha siku ile, Jumatano wangepanda ndege."

Upande wa pili meza ikaacha kupigwa. Alimsikia mtu akiuliza kuna nini na Deusi hakumjibu.

"Jumatatu," alisema Deusi.

"Jumatatu."

"Nilikuwa nimekaa mezani kwako."

"Ndiyo, kaka."

Alingoja atukanwe. Angepokea. Alisikia kiti kikisogezwa, pumzi ndefu, kurasa za kijidaftari zikifunguliwa. Deusi alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kazini, imenyooka, bila upole hata kidogo.

"Inatua saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

"Nitawapigia," alisema Deusi. "Wote sita."